Tunakwenda Wales Kutembea Tu

Mdogo wangu ndiye aliyeanza. Niseme hivyo mapema, maana katika ukoo wetu jambo likiharibika hutafutwa mwanamke wa kutwishwa, na safari hii nataka kila mtu atwishwe mzigo wake mwenyewe.

Ilikuwa Jumapili mchana. Nimetoka kanisani, nimevua viatu, nimebandika maji ya ugali. Simu ikalia, ya video. Nikamwona mdogo wangu amevaa koti jekundu la plastiki, kofia imembana mashavu, ameketi juu ya jiwe anatafuna mkate. Nyuma yake hakuna nyumba wala mtu. Mawingu na kondoo tu.

"Uko wapi?"

"Juu ya mlima, yaya." Kwetu yaya ni dada mkubwa.

"Nani amekufukuza?"

Akacheka mpaka mkate ukamtoka. "Hakuna mtu amenifukuza."

"Basi ulipanda kufanya nini?"

"Kupanda tu. Tunapanda, tukifika juu tunakula mkate, tunashuka."

"Mnashuka na nini? Kuni? Uyoga?"

"Na miguu yetu. Hatubebi kitu. Njo vile bazungu ba huku banafanyaka."

Nikamwambia amepata wazimu wa kizungu na awahi dawa. Lakini sikukata simu. Niliendelea kumtazama yule mwanamke wa koti jekundu, mtoto wa mama yangu, ameketi juu ya mlima kama aliyeketi sebuleni kwake.

Mdogo wangu anakaa Wales, kule ubavuni mwa Uingereza, na anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Anawaogesha, anawalisha. Mimi naogesha wa kwangu hapa Amerika, Kenmore, kando ya Buffalo, napanda basi kila asubuhi kutoka East Side. Ukoo mzima tumezaliwa kuosha migongo ya watu. Tulitengana kambini Burundi. Karatasi zangu zilitoka Amerika, zake zikatoka Uingereza, na afisa mmoja mwenye miwani alituambia tusilie, tutakutanishwa baadaye. Yule afisa alikuwa mwongo, naandika hapa. Nilipanda basi la kwenda uwanja wa ndege, mdogo wangu amesimama vumbini ameshika jagi langu la maji nililomwachia, na tangu siku ile sijamshika mkono. Tumezeeka kwenye simu. Nywele zake nyeupe nimeziona kwenye kioo cha simu kabla sijaziona zangu.

"Njoo mwezi wa saba, yaya," akasema siku ile. "Nitaomba congé, likizo ya kazini. Tutatembea mimi na weye. Polepole. Ukichoka, tunakaa."

Neno hilo, tunakaa, ndilo lililoninyamazisha.

Maana mimi na mdogo wangu tumewahi kupanda mlima pamoja. Kijiji chetu kilikuwa nyuma ya Uvira, huko Kongo, chini ya milima. Waliokuja kutuua walikuja kwa barabara, kwa hiyo tukapitia juu. Mama alikuwa na mguu mbovu. Tulikwenda usiku na mchana, mvua inanyesha, na kila aliyetaka kukaa alisukumwa na walio nyuma. Mama alikufia huko juu, mgongoni, akiwa amebebwa. Tulimfunika kwa majani na mawe, na tulipotaka kukaa karibu naye kidogo, kidogo tu, mzee mmoja wa kijiji akatupiga na fimbo: tembeeni. Hatukukaa. Mpaka leo mimi na mdogo wangu hatujamkalia mama kilio.

Hilo ndilo alilokuwa ananiitia Wales, ingawa hakulitamka. Alisema mkate, alisema kondoo. Nilimwelewa.

Kisha akasema sharti lake. "Lakini kaka asikuje. Akifika yule, utakuta mlango yangu nimefunga, na weye utarudi Amerika na sanduku yako."

Sasa lazima nimweleze kaka.

Kaka yetu ni pasta, Louisville, jimbo la Kentucky. Kanisa lake liko kwenye jengo lililokuwa duka la makochi, na mpaka leo kuna bango ukutani linalosema kila kitu lazima kiishe. Mimi niliishi Louisville miaka ya mwanzo, chini ya mbawa zake, na mbawa zake ni nzito. Nilipohamia Buffalo watu walisema nimefuata nyumba za bei nafuu. Nilifuata umbali.

Kaka ana ushuhuda. Kila pasta wa kwetu ana ushuhuda, kama vile kila duka lina mlango, lakini wa kaka ni maarufu. Ni huu: vita vilipokuja, alimbeba mama yake mgongoni, mlima mzima, mpaka mama akafa akimbariki. Anausimulia kila mwaka, na makanisa ya wazungu humwita akausimulie huko pia, kwa mkalimani, na wazungu hulia sana. Anasema mgongo wake haujapona mpaka leo. Kwa hiyo vijana wa kanisa humbebea Biblia, humbebea mkoba, na mahali popote anapofika huwekewa kiti chenye mto.

Kaka alimbeba mama. Hilo ni kweli. Alimbeba kutoka uani kwetu mpaka mtoni, pale mlima unapoanzia. Hapo akamtua kwenye nyasi, akasema anatangulia kuangalia njia. Tulimkuta Burundi. Ameshapata hema, ameshaingia kwaya, ameshanenepa kidogo. Aliyembeba mama mlimani ni mdogo wangu, aliyekuwa msichana wa miaka kumi na mitano, mwembamba kama mwiko. Mimi nilikuwa nimebeba mtoto wangu. Na mdogo wangu ameutazama ule ushuhuda kwenye mtandao, zaidi ya mara moja, peke yake, huko Wales. Nadhani sharti lake sasa linaeleweka.

Mtu atauliza: basi kwa nini ulimwambia kaka habari za safari? Kwa sababu sisi ni sisi. Kwetu mwanamke havuki bahari bila kumuaga mkubwa wa ukoo. Ndege ikianguka watasema nilijitakia. Nikampigia, nikachagua maneno kama mtu anayechambua mchele. Nikasema nakwenda kumwona mdogo wetu, mwezi wa saba, tutapanda mlima kidogo.

Kaka akasema, "Haleluya."

Hapo nilijua nimekwisha. Kwetu mlima hupandwa kwa mambo matatu. Kulima, kukimbia, na kuomba. Kulima, mashamba ya Wales yana wenyewe. Kukimbia, hakuna vita. Likabaki la tatu. Mtu wa kwetu akikuambia anapanda mlima, wewe unajua amefunga, amebeba chupa ya maji na Biblia, na atashuka baada ya siku kadhaa midomo imepasuka na majibu yake mkononi. Hakuna Mkongo hata mmoja, tangu Adamu, aliyepanda mlima ili ale mkate.

Jumapili iliyofuata kaka akatangaza madhabahuni kwamba Mungu ameipa familia yake mlima Ulaya. Alisema mlima huo umelala muda mrefu bila maombi. Alisema atauongoza mfungo yeye mwenyewe.

Kabla sijamaliza kula mchana ule simu yangu ilikuwa inatetemeka kama ina malaria. Jumbe za sauti za wanawake wa Louisville, moja baada ya nyingine. Mama mmoja aliomba nimwombee mwanawe aache kupiga ngoma usiku. Mwingine mume wake ameota jino la dhahabu na hajui maana yake. Mwingine ameshindwa mtihani wa kuendesha gari na anajua ni shangazi yake aliyeko Bukavu ndiye anayekanyaga breki. Na mmoja, sitaki kumdhihaki, alisema tu: mama, huko juu ukifika, umtaje mtoto wangu, na akataja jina, na akakata. Huyo nilimjibu. Wengine niliwaacha.

Nilimpigia mdogo wangu nimwambie mambo yanaharibika kidogo. Alisikiliza. Alisema, "Sawa, yaya." Sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayerudisha sahani kabatini. Sikuipenda ile sawa.

Huku nyuma, nilikuwa najizoeza. Mwanamke wa umri wangu, mwenye magoti yangu, hawezi kushuka kwenye ndege na kuparamia mlima. Ila Buffalo ni tambarare kama meza. Mlima pekee nilioujua ni ule wa theluji wanaourundika kwenye maegesho ya supamaketi, na huo ukifika Aprili umeshakuwa tope na mikokoteni iliyopotea. Nikawa napanda ngazi za jengo la kuegesha magari karibu na kituo cha basi, juu na chini, na mfuko wa mchele mgongoni. Mlinzi akaja kuniuliza kama nimepoteza gari. Nikamwambia nafanya mazoezi ya likizo. Akanitazama, akatazama mchele, akaenda zake. Ndiyo maana naipenda Buffalo. Watu wana shida zao.

Binti yangu anasoma Columbus, chuo kikuu, na anapanga karibu na chuo pamoja na mchumba wake. Huyo ni Mkenya anayesomea udongo. Nilipoambiwa nilidhani wananitania. Mwanangu, nimekimbia miaka yote hii kutoka kwenye udongo, wewe unaniletea mkwe wa udongo. Lakini ni kijana mwema, na anakula sombe, kisamvu chetu.

Kaka akaitisha kikao, na kwa kuwa Columbus iko katikati, Louisville huku na Buffalo kule, kikao kikawa nyumbani kwa binti yangu bila yeye kuulizwa. Nilifika siku moja kabla. Binti akanipeleka kwenye duka la vitu vya porini ninunue viatu. Duka kubwa, linanuka mpira na karanga. Kijana mwenye ndevu alipiga goti mbele yangu kama anataka kunichumbia, akapima mguu wangu, akaniuliza kwa Kiingereza huwa natembea milima ipi.

Nikamwambia binti, "Mwambie kutoka nyuma ya Uvira mpaka Burundi, kwa kupitia juu."

Kijana akasema, ajabu! Hajawahi kuisikia hiyo njia. Je, ni ngumu?

"Mwambie inategemea nani yuko nyuma yako."

Binti yangu akageuka na uso wa tabasamu, akamwambia kijana kwamba mama anasema inategemea hali ya hewa. Naelewa Kiingereza cha kutosha kujua ninapotafsiriwa vibaya. Nilimfinya.

Kwenye lile duka wana kilima kidogo cha mawe ya bandia, cha kujaribia viatu. Kimo chake kinafika kifuani kwangu. Nilikipanda. Nikafika juu, nikakaa. Kijana alisimama ananingoja, mikono nyuma, hana haraka. Mama mmoja wa kizungu alipita na kikapu, akanisalimia. Nilikaa pale mpaka binti akaona aibu.

"Mama, unalia?"

"Viatu vinabana," nikasema. Tukachukua saizi ya juu yake.

Kesho yake kaka akaja. Alikuja na gari la kanisa, amekaa kiti cha mbele kimelazwa kwa ajili ya mgongo, na nyuma yuko mama rais. Mama rais ni kiongozi wa wanawake wote wa kanisa lile, mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuita ng'ombe, na mimi nampenda kwa sababu hajui kunong'ona. Aliingia na mfuko mkubwa. Kabla ya salamu akafungua.

"Kitenge tumeshachagua. Bluu. Muone, mbele kuna mlima, nyuma kuna njiwa."

"Mama rais, huko kunanyesha," nikasema. "Watu wanavaa plastiki."

"Tutavaa plastiki chini, kitenge juu."

Kaka akawekewa kiti, mto, na mto wa pili. Akafungua kikao kwa maombi. Akaombea milima, akaombea ndege, akamwombea malkia wa Uingereza. Mkwe wangu Mkenya akasema polepole kwamba malkia alishafariki, sasa kuna mfalme. Kaka akasema Mungu anajua alichomaanisha.

Kisha akapanga. Kundi la watu kumi na zaidi. Kwaya iwe na ngoma mbili. Mfungo mkavu siku ya kupanda. Vijana wabebe spika.

Mkwe wangu akainua mkono kama darasani. "Pasta, samahani, lakini si hii ni hiking tu? Hata sisi tukiwa high school tulikuwa tunaenda Mount Kenya na club. Watu wanaenda kupunga hewa, basi."

"Kupunga hewa," kaka akasema.

"Eeh. Tulibeba biskuti."

"Na mfungo?"

"Hakuna kufunga, pasta. Ukifunga huko juu utaanguka."

Mama rais akapiga makofi. "Donc, kumbe Wakenya wanapandaka mlima ya Mungu na biskuti! Njo maana mnakimbia sana, hamna kitu tumboni ya kuwashikilia chini."

Tukacheka wote, hata kaka. Nikadhani labda jambo litaisha kwa kicheko. Nikaenda jikoni, nikaleta chakula. Wali, sombe, ndagala, yaani dagaa wa kwetu, na kuku. Nikaanza kupakua. Nikiwa nampakulia kaka, ndipo akasema alichokuwa amekiweka mwisho.

"Na juu pale kileleni," akasema, "nitatoa ushuhuda. Sijawahi kuutoa juu ya mlima. Mkwe atachukua video. Nitaonyesha vile nilimbeba mama. Na mdogo wetu atasimama kando yangu, dunia imuone."

Kijiko kilikuwa mkononi mwangu na wali umejaa. Nilimwona mdogo wangu na koti lake jekundu amesimama kando ya huyu mtu, kwenye mlima wake mwenyewe, Jumapili yake mwenyewe, anaonyeshwa kama mbuzi. Na nikajua kwamba hatasimama. Atafunga mlango. Na mimi nitakaa Buffalo niendelee kumtazama anazeeka kwenye kioo cha simu mpaka mmoja wetu apigiwe simu na mtu mwingine.

Nikaurudisha wali kwenye sufuria.

"Kaka," nikasema. "Mama ulimbeba mpaka wapi?"

"Dada, tuko kikaoni."

"Ndiyo. Mpaka wapi?"

"Hii si mambo ya watoto kusikia."

"Watoto wana miaka ishirini na ushee na wanalala kitanda kimoja. Mpaka wapi, kaka?"

Binti yangu akasema kwa Kiingereza, Mama, tafadhali. Nikamwambia hapana, mjomba wako ana jambo la kusema. Mkwe wangu alikuwa anautazama wali kama sampuli ya udongo.

Kaka alifuta uso kwa leso yake ya madhabahuni. Nilitegemea angepaza sauti. Ana sauti, angeweza kutufunika wote kwa mstari mmoja wa Zaburi. Sijui kwa nini hakufanya hivyo. Labda ni kwa sababu hakukuwa na kipaza sauti.

"Mpaka mtoni," akasema.

"Ng'ambo hii au ng'ambo ile?"

"Dada."

"Hii au ile?"

"Hii."

Mama rais alikuwa na paja la kuku mkononi. Akaliweka chini. "Pasta," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alijaribu kunong'ona, na hakuweza. "Na mgongo? Ule mgongo unaumiaka na nini?"

Mimi ningeweza kumjibia. Kaka alifanya kazi ghalani miaka miwili akinyanyua maboksi, akaacha, na tangu hapo mgongo umelala kwenye kochi la bure lililoachwa na lile duka. Lakini nilikuwa nimeshapata nilichotaka, na kuku walikuwa wanapoa.

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa," kaka akasema. Hakunitazama mimi, alimtazama binti yangu. "Niliogopa."

"Mdogo wetu alikuwa na kumi na mitano," nikasema. "Aliogopa na mama akiwa mgongoni."

Sijui msomaji atanionaje. Kuna watu watasema ningemhurumia. Nilimhurumia, miaka mingi, kwa kunyamaza, na huruma yangu akaifanya ushuhuda akaizungusha makanisani.

Binti yangu alisimama, akaenda akaketi karibu na mjomba wake, akamshika mkono. Nilikasirika kidogo. Kisha akaniuliza, kwa Kiswahili safari hii, kile Kiswahili chake kilichojaa matobo: "Mama, donc ni mama mudogo alimubeba koko, mama yako? Yeye moja?"

"Yeye."

"Na hakuna mtu anajuaka?"

"Sasa mnajua."

Kaka akala kidogo. Huyo mtu, hata mbingu ikianguka, atakula kidogo. Kisha akasimama, akaomba maombi ya kufunga, mafupi kuliko yote niliyowahi kumsikia. Mlangoni akaniambia, "Sitakuja Wales. Mungu amenifungia ule mlango."

"Haya," nikasema. Mungu amesingiziwa mengi, hili ataliweza.

Kijana wa gari alikuja kumbebea mkoba. Kaka akauchukua mwenyewe. Sisemi ametubu. Nasema aliuchukua mwenyewe mpaka garini, nimeona. Mama rais alirudi kunikumbatia, akaniachia kipande cha kitenge, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka ng'ambo ya barabara, "Ile mlima upande na biskuti!"

Jumapili iliyofuata Louisville walitangaziwa kwamba mlima umeahirishwa. Sababu hazikutajwa. Wanawake walipiga simu wakidai majibu ya maombi yao. Niliwaambia wamuulize aliyewapa mlima, mimi nilikuwa nakwenda likizo. Mmoja akaniuliza likizo ni nini hasa, yaani unafanya nini. Nikamwambia sijui bado, nitampa habari nikirudi. Akasema niwe mwangalifu, mambo kama hayo huanza hivyo hivyo.

Lakini hayo ni ya baadaye. Usiku ule ule wa kikao, watu wakiwa wameondoka na binti yangu anaosha vyombo kwa kelele isiyo ya lazima, nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za mbele. Wanafunzi walikuwa wanapita na bia zao. Nikampigia mdogo wangu. Kwake ilikuwa karibu alfajiri, anajiandaa kwenda kuwaamsha wazee wake.

"Kaka hakuji," nikasema.

"Amekataliwa visa?"

"Nimemuuliza mpaka wapi."

Sikuhitaji kuongeza neno. Nilisikia maji yanachemka kwake, kisha hayachemki tena.

"Alisema nini?"

"Mpaka mtoni."

"Alisema? Na kinywa yake?"

"Na kinywa chake. Mbele ya mama rais."

"Mbele ya mama rais!" Akacheka, mdogo wangu, kicheko kibaya, cha kuvuta pua. "Basi sasa Louisville yote inajua, na Kentucky, na Tanzania." Akaendelea kucheka, na kile kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, nikamwacha. Wanafunzi walipita. Mmoja akaniuliza kama niko sawa, mama. Nikamwambia aende na bia yake.

"Sasa," nikasema alipotulia, "hiyo congé wamekupa? Maana mimi nimeshaomba yangu, na tiketi binti anaitafuta kesho."

Nikasikia kijiko kinazunguka kikombeni.

"Wamekupa au hawajakupa?"

"Sijaomba, yaya."

"Hujaomba! Tangu mwezi wa nne unaniambia viatu, unaniambia koti, unaniambia kondoo, hujaomba?"

"Nilikuwa nangoja kuona. Kama utamwambia asikuje, ama utamwogopa na umlete."

Nilimtukana. Nilimtukana kwa tusi la kwetu ambalo haliandikiki, analijua, mama alikuwa anatutukana nalo tukimwaga maziwa. Yeye akanirudishia lingine baya zaidi. Tulitukanana mpaka nikasikia jirani yake anagonga ukuta. Nikamwambia aende kazini, atachelewa, wazee watajikojolea.

Kesho yake nikiwa kwenye basi narudi Buffalo, mahali fulani kwenye mashamba ya Ohio yasiyo na hata kichuguu, ujumbe wake ukaingia. Bosi wake amekubali, nusu ya pili ya mwezi wa saba. Ameshachagua mlima, si ule mkubwa, ni mmoja wa karibu ambao katikati una mahali pa wazi penye nyasi, upepo haufiki. Hapo ndipo tutakaa, ameandika. Nije na nguo nyeusi moja, ya ndani ya koti, watu wasituulize.